Kamera za Kutega na Ushahidi wa Siku Zisizo na Picha



Mwaka 2005, katika msitu wa Ndundulu ulioko milima ya Udzungwa, kamera zilizofungwa mitini na kuachwa pasi na mtu ziliwanasa wanyama wadogo wenye pua ndefu, jamaa ya sange, wasiofanana na sange yeyote aliyekwisha kuandikwa vitabuni. Na baada ya wataalamu kuwakamata wachache na kuwapima, ikathibitika mwaka 2008 kuwa ni spishi ngeni kwa ilimu. Habari hii husimuliwa sana, na wenye kuisikia aghalabu hudhani kuwa fadhila ya kamera ya kutega ni kunasa ajabu. Mimi naona fadhila yake kubwa imo katika siku ambazo haikunasa kitu.

Kamera hizi huamshwa na joto la kiumbe kipitacho mbele yake. Basi kamera iliyokaa siku 30 bila picha ya minde, mnyama wa jamii ya paa, yaweza kuwa shahidi kwamba minde hakupita, na yaweza pia kuwa shahidi aliyelala, kwa kuwa betri zilikwisha mapema, au nyasi zilizotikiswa na upepo juani zilijaza kadi yote. Mashahidi hawa wawili hawapambanuki ila kwa daftari: tarehe ya kutega na ya kutegua, hali ya betri, usahihi wa saa, na picha ya majaribio, mwanzo na mwisho, ya mwanafunzi aliyeshika karatasi yenye jina la kituo. Kazi hii haina utamu, wala sishangai vijana kuikimbia.

Katika vijiji vinavyopakana na Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, wanakijiji hutega kamera katika ardhi yao wenyewe, na kila mnyama wa porini aonekanaye hukipatia kijiji alama, simba nyingi kuliko digidigi, kisha alama hizo huleta misaada ya shule, tiba na mifugo. Mpango huo naupenda, maana simba aliyekuwa hasara tupu kwa mfugaji sasa ana faida. Walakini atafutaye alama atatega penye mapito na maji, na hiyo ni haki yake, ilhali atakaye kujua kama wanyama wanazidi au wanapungua hana budi kurudi mahali palepale kila mwaka, penye wanyama na pasipo nao, kama ilivyofanywa katika msitu wa Mwanihana, huko huko Udzungwa, kwa vituo 60, kimoja kwa kila kilomita 2 za mraba.

Tena kamera haibagui: humpiga picha chui, na humpiga mama aokotaye kuni. Serikali ya kijiji na shule zinazotega kamera zikubaliane mapema nani ataziona picha za watu na lini zitafutwa, maana kijiji kikishaiona kamera kuwa jasusi, kitaivunja.

Walimu mliohudhuria, nawaomba mkirudi shuleni muwafundishe wanafunzi daftari kwanza, hata kwa muhula mzima ikibidi, ndipo muwafungulie sanduku la kamera.