Nyumba na Darasa ni Mpango Mmoja

Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya 2024 nchini Kenya inamkata mwajiriwa asilimia 1.5 ya mshahara, na mwajiri wake huongeza kiasi kicho hicho. Mwalimu wa Kathiani, katika Kaunti ya Machakos, huyaona makato hayo kila mwisho wa mwezi, kisha hulipa kodi ya chumba kimoja ambamo madaftari ya wanafunzi hulala chini ya kitanda.

Sheria hiyo inawatambua pia wenye kipato kisichofika shilingi 20,000 kwa mwezi, na kuwatengea nyumba za jamii. Ni jambo jema. Lakini mpangaji huja na watoto, na watoto wanahitaji madawati. Na nafasi tayari ni ya kugawana: tangu 2023, sekondari msingi imewekwa ndani ya viwanja vilevile vya shule za msingi.

Kifungu cha 43 cha Katiba kinataja makao na elimu pamoja. Serikali kuu inasimamia shule za msingi na sekondari msingi. Kaunti ya Machakos inasimamia chekechea. Basi serikali hizo mbili zipange pamoja: msingi wa nyumba ukichimbwa Kathiani, wa darasa uchimbwe siku hiyo hiyo.