Jina la Kwanza na Majina ya Nyuma
(Maneno tuliyoyasema Yangambi mbele ya wafanyakazi wa mgodi na wakaaji wa mji)



Neno moja tunalisikia sokoni na kivukoni kila baada ya uchaguzi: "Mimi nilimpigia fulani, watu wote wa mtaa wetu walimpigia fulani, lakini aliyekwenda Kinshasa ni mwingine." Halafu watu wanasema kura imeibwa. Wizi unaweza kuwako, hatukatai. Lakini mara nyingine hakuna mwizi, ni hesabu tu, na hesabu hiyo hatukufundishwa. Sisi makarani jembe letu ni kalamu, basi leo tumeona vema kuileta hesabu hiyo hapa mbele yenu.

Kwanza mjue kwamba Yangambi haichagui peke yake. Sisi tu watu wa teritwari ya Isangi. Kura zetu za ng'ambo hii ya mto zinachanganywa na kura za wenzetu wa Isangi, pale Lomami inapoingia katika mto mkubwa, na za vijiji vyote vya teritwari. Na teritwari nzima haitoi depite mmoja, inatoa kadhaa kwa pamoja. Mahali pa kiti kimoja, mwenye kura nyingi ndiye anayeshinda, na mtoto mdogo anaelewa. Mahali pa viti vingi mambo ni mengine.

Jambo hili si geni kwetu. Mwezi wa Mei mwaka wa 1960, nchi ilipochagua Bunge lake la kwanza, sheria ya Wabeleji ilitoa depite mmoja kwa kila watu 100,000. Wakapatikana madepite 137 kwa nchi nzima, na jimbo letu la Orientale likapata 25. Walipiga kura wanaume tu, wenye miaka 21 na kuendelea. Mama zetu waliobeba maji na kuwapikia wajumbe wa vyama hawakuulizwa neno. Walingoja mpaka 1967. Vyama vilileta orodha za majina. Katika Orientale orodha za MNC ya Lumumba zilichukua viti 21 katika vile 25. Na katika baraza la jimbo, viti 58 kati ya 70. Hakuna jimbo lingine lililompa Lumumba nguvu kama hii yetu.

Sasa tujiulize: baba zetu walipigia nani kura? Wazee waliotusimulia wanajibu neno moja, "Lumumba." Ukiwauliza majina mengine ya orodha ile, wanakuna kichwa. Jina la kwanza lilibeba majina ya nyuma, kama injini moja inavyovuta mitumbwi mitano mtoni. Hatuwalaumu. Lumumba alitoka gerezani Januari mwaka ule ule, akaenda Bruxelles kwenye meza ya duara, akarudi na tarehe ya uhuru. Ni nani angesoma majina ya chini?

Lakini tazameni yaliyofuata. Septemba 5, 1960, Kasavubu alitangaza kumwondoa Lumumba katika serikali. Siku mbili baadaye Chumba cha Wawakilishi kilikataa, kwa kura 60 dhidi ya 19. Siku ile majina ya nyuma yalifanya kazi yake, na tuwape heshima yao. Kisha askari wakalifunga Bunge. Januari 17, 1961, Lumumba akauawa Katanga. Finant, mkubwa wa serikali ya jimbo letu, akauawa Bakwanga mwezi uliofuata. Bunge lilipokutana tena Lovanium, Julai 1961, waliobaki kukisemea chama ni wale ambao wapiga kura hawakuwajua. Wakakubali serikali ya Adoula, na baadaye chama chenyewe kikapasuka. Baba zetu walishangaa kama mtu aliyekuta wageni wamelala kitandani kwake. Na kumbe wageni hao waliingia kwa ufunguo aliowapa mwenyewe.

Jirani zetu wa Tanganyika walifungwa kamba ya namna nyingine. Katika kura za 1958 na 1959 Waingereza waliweka viti vitatu kila mahali: cha Mwafrika, cha Mwasia na cha Mzungu. Kila mpiga kura alilazimishwa kuchagua wote watatu, na asipofanya hivyo karatasi yake inatupwa. TANU walibishana sana Tabora, Januari 1958. Nyerere aliwaomba wakubali kuingia, na Mtemvu akakasirika akaenda kuunda chama chake. Lakini kwa sababu ya kulazimishwa, TANU ilibidi iwachunguze hata Mwasia na Mzungu: huyu yuko pamoja nasi, yule hayuko. Walichagua wa kuwaunga mkono katika viti vyote vitatu, na wakashinda. Mtego wa mkoloni uliwafundisha kusoma jina la pili na la tatu.

Sisi tulifundishwa kinyume. Mwaka wa 1970 Mobutu alileta orodha moja ya chama kimoja, majina 420, ndiyo au hapana. Mwaka wa 1975 hata karatasi hapakuwa: majina yalisomwa hadharani, watu wakapiga makofi, kwisha. Kizazi kizima kilikua kikijua kwamba kuchagua ni kupiga makofi.

Tangu Julai 2006 tumerudi kwenye vyama vingi, na hesabu ndiyo hii. Unaweka alama kwa mtu mmoja tu, lakini kura yako inahesabiwa kwanza kwa orodha yake. Tuchukue mfano, si kura za kweli. Viti 4, kura 100,000. Gawanya: kiti kimoja ni kura 25,000. Orodha ya kwanza ina 52,000, inapata viti viwili, zinabaki 2,000. Ya pili ina 30,000, inapata kimoja, zinabaki 5,000. Ya tatu ina 18,000, haikufika. Kiti cha nne kinakwenda kwa nani? Kwa mwenye masalio makubwa, yaani ile ya tatu, na 18,000 zake zote. Hivyo orodha yenye 30,000 na yenye 18,000 zinalingana, kiti kimoja kimoja. Na ndani ya orodha anaingia mwenye kura nyingi za jina lake kuliko wenzake wa orodha ile. Fulani wenu wa mtaani anaweza kupata kura 9,000 akabaki nyumbani, huku kura zake zikimvusha mwenzake mwenye 10,000 ambaye nyinyi hamumtaki hata kumwona. Tangu 2018 wameongeza kizingiti: orodha ya chama kisichopata asilimia 1 ya kura za nchi nzima haigawiwi kiti, hata kama Isangi yote inakipenda.

Mmoja wenu alituuliza mlangoni: basi tusipige? Hapana, ndugu. Sisi kwenye mgodi hatutii sahihi karatasi ya mishahara kwa kuona jina la juu tu. Tunashuka mstari kwa mstari, maana huko chini ndiko yanakojificha majina ya watu wasiofanya kazi. Chama chetu nacho kisituletee tena jina moja zuri na mengine ya kuokota. Tunataka kila aliyemo aje asimame hapa, aseme alifanya nini siku wachimbaji walipofukuzwa shimoni, na aseme atakaa upande gani jina la kwanza likinunuliwa.

Orodha zitakapobandikwa, karani wa zamu atazinakili zote, za chama chetu na za wengine, na Jumapili baada ya misa zitasomwa hapa kwa sauti kwa ajili ya wasiojua kusoma. Waiteni na wale wa ng'ambo ya mto. Tumeagana na mwenye mtumbwi, hatadai nauli siku hiyo.