Barua ya maswali matano

Maneno ya kamati mbele ya mkutano mkuu wa wanachama na wageni wafadhili, Goma, Februari 2020



Mlituomba tueleze habari ya ile barua. Wengi mmeisikia nusunusu, njiani ama kwenye kilio. Kuna waliosema kamati imeshitaki leta. Kuna waliosema kamati imekula makuta ili inyamaze. Hakuna hata moja katika hayo. Tuliandika barua ya ukurasa mmoja, yenye maswali matano, na karibu kila swali lilitaka jibu la namba. Ni hivyo tu. Lakini jinsi tulivyofika kwenye huo ukurasa mmoja, hapo njo kuna habari.

Tuanze na watoto. Hapa kati yetu kuna waliotoka Nakivale, Kyangwali na Rwamwanja, kuna waliotoka Kiziba na Gihembe, na kuna ambao hawakuvuka mpaka, walikimbia Masisi na Rutshuru wakakaa Mugunga. Tulirudi na watoto waliozaliwa huko. Wengine wako na karatasi ya nchi ya watu, wengine jina lao liko tu kwenye karatasi ya familia ya HCR, na wengine hawana kitu. Kwa sheria yetu mtoto anaandikishwa kwenye biro ya etasivili ndani ya siku 90 tangu kuzaliwa. Zikipita, lazima kwanza mahakama itoe hukumu, ile tunaita sipletifu, ndipo biro iandike. Sasa mtoto wa miaka tisa aliyezaliwa kambini, siku 90 zake zilikwisha wakati bado tunapanga mstari wa maharagwe.

Tangu Septemba 2019 leta ilipotangaza shule ya msingi kuwa bure, madarasa yamejaa mpaka mlangoni, na direkta anapoandika wanafunzi anauliza karatasi ya kuzaliwa. Lakini tuseme ukweli, shule si mwisho wa jambo. Ninyi mnalijua lile swali lingine, linaloulizwa kwenye barriere ama siku ya kugombea shamba: "Ninyi muko batu ba wapi?" Sheria ya uraia ya Novemba 2004 inasema mtoto ambaye baba ama mama yake ni Mkongomani, yeye ni Mkongomani tangu kuzaliwa. Iko wazi. Ila mtu wa barriere hasomi sheria, anasoma karatasi.

Basi wazazi walipeleka dosie zao kwenye biro moja ya hapa mjini, na wakangoja. Walipoenda kuuliza, jibu lilikuwa moja, "Dosie iko natembea." Mzee wetu mmoja akafanya hesabu, akasema kwa muda wote huo dosie yake ingekuwa imeshafika Kisangani kwa miguu na kurudi, hata kama ilipumzika Walikale.

Kosa la kwanza lilikuwa la kwetu, na tunalikubali mbele yenu. Mwaka 2018 tuliandika barua ya kurasa nne. Ilikuwa na machozi mengi. Tulieleza vita, kambi, mvua, matusi ya wafanyakazi wa biro, na mwishoni tukaomba wakubwa "watutazame kwa jicho la huruma". Hakuna sentensi hata moja mle ndani ambayo mtu angeweza kuijibu kwa ndiyo, hapana, ama namba. Tena tuliiacha kwa mlinzi wa mlango bila kubaki na kopi yenye muhuri. Miezi minne baadaye hakuna aliyekumbuka kuiona, na sisi hatukuwa na cha kuonyesha.

Kijana wetu mmoja aliyesomea Mbarara njo alitufungua macho. Alituambia kwamba Uganda wako na sheria ya kupata habari za serikali tangu 2005, na ofisi inatakiwa kujibu ndani ya siku 21. Rwanda waliweka ya kwao 2013, Kenya na Tanzania 2016. Tukajiuliza, mbona tulikaa Uganda miaka yote ile hatukuijua? Akacheka. Ile sheria inampa haki raia wa Uganda. Sisi tulikuwa wakimbizi. Hata hivyo asije mtu akafikiri kwa majirani kila mlango uko wazi. Kulekule Uganda waandishi wa habari wawili waliomba kuona mikataba ya mafuta, na mwaka 2010 hakimu wa Nakawa akawakatalia.

Sisi hapa Kongo hatujapata sheria kamili ya namna hiyo. Lakini tuko na Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, na ndani yake mna vifungu viwili ambavyo tunaomba kila mwanachama avishike kama anavyoshika tarehe ya tontine. Kifungu cha 24 kinasema kila mtu ana haki ya kupata habari. Kila mtu. Kifungu cha 27 kinasema kila Mkongomani, peke yake ama pamoja na wengine, anaweza kupeleka ombi la maandishi kwa mamlaka ya leta, na mamlaka inajibu ndani ya miezi mitatu. Na kinaongeza kwamba hakuna anayeweza kushitakiwa, kwa namna yoyote, kwa sababu ya kupeleka ombi hilo. Mama mmoja tulipomsomea hiyo sehemu ya mwisho aliomba tuirudie mara mbili, halafu akasema, "Sasa naweza tia kidole." Alikuwa amekataa kuweka sahihi kwa wiki nzima.

Kabla ya kuwauliza wao namba, ilibidi tuwe na za kwetu. Hii kazi ilitutesa kuliko kuandika barua. Tulinunua daftari, tukapita nyumba kwa nyumba, Ndosho, Katoyi, Majengo, mpaka Mugunga. Tulikubali paka dosie iliyokuwa na risiti na tarehe kati ya Januari na Juni 2019. Waliompa makuta komisionere wa barabarani bila risiti, hatukuwaandika. Wengine walitukasirikia mpaka leo. Tunawaelewa, lakini jina lisilo na risiti lingekuwa shimo, na biro ingetuvutia humo humo. Zilibaki dosie 34.

Ndipo tukaandika ule ukurasa mmoja. Tuliuliza: kwa miezi hiyo sita, ni maombi mangapi yalipokelewa kila mwezi, mangapi yalimalizika, mangapi yalikataliwa, na kwa sababu gani, mangapi bado yanangoja, na lile la zamani kuliko yote linangoja tangu tarehe gani, na kwa kawaida zinapita siku ngapi kati ya kupokea na kutoa. Hatukuomba jina la mtoto hata mmoja wala la mfanyakazi hata mmoja. Hatukuuliza "kwa nini".

Kuna aliyetuuliza sababu ya kutaka lile la zamani kuliko yote. Ni hivi. Biro inaweza kumaliza haraka dosie nyepesi za watu wa mjini, hesabu ikapendeza, huku za wakimbizi waliorudi, zenye karatasi za nchi tatu, zinabaki chini. Ukiuliza wastani peke yake, utaonyeshwa wastani mzuri. Ukiuliza lile la zamani, mtu analazimika kuinua rundo zima mpaka chini.

Tulipeleka kopi tatu: moja ya biro, moja ya mkubwa wao, moja ya kurudi nayo ikiwa na muhuri wa kupokelewa, ile akize. Sekretere alikataa kupiga muhuri. "Mukubwa hayiko." Vijana wetu wawili walikaa kwenye benchi. Hawakupiga kelele, hawakumtukana mtu. Saa nane alisema warudi kesho. Walisema asante, wakaendelea kukaa. Saa tisa na nusu muhuri ulipigwa. Ile kopi iko hapa, mnaweza kuishika mkimaliza kula. Ni mwezi wa nane tarehe 20, 2019.

Jibu lilikuja mwezi wa kumi na moja, siku chache kabla ya miezi mitatu kwisha. Lilijibu maswali matatu kati ya matano. Swali la siku na swali la lile la zamani hayakuguswa. Kusema ukweli wengine wetu tulitaka kukasirika, mpaka mwandishi wetu alipoweka jedwali lao karibu na daftari letu. Akanyamaza. Kisha akatuita wote. Idadi yao ya maombi yaliyopokelewa, ya eneo lao lote, ya miezi yote sita, ilikuwa ndogo kuliko 34.

Fikirini kidogo. Dosie zetu peke yetu, zenye risiti za biro ileile na muhuri uleule, zilikuwa nyingi kuliko kila kitu walichosema wamepokea. Maana yake dosie hazikuwa "zinatembea". Hazikuwa zimeingia kwenye kitabu.

Hapo kamati iligawanyika. Wenye damu ya moto walitaka twende radio siku hiyohiyo. Wengine tulisema kwanza twende kwake. Tulipigia kura, radio ikashindwa kwa sauti mbili. Tukaenda watu wanne, wawili kati yao mama, tukiwa na risiti 34 zilizopangwa kwa tarehe, na jibu lake mwenyewe. Tulimsalimia, tukaziweka mezani, tukamwomba atusaidie kuelewa. Alihesabu kwa kidole mara mbili. Alimwita mfanyakazi, wakaongea Kifaransa cha haraka. Baadaye kidogo likaja karton moja la sabuni, na ndani mlikuwa dosie, zingine za kwetu, zingine za watu ambao hatuwajui. Hakuna aliyetueleza zilifikaje ndani ya karton. Hatukuuliza pia, na si kila mtu hapa amekubali kwamba tulifanya vizuri kutouliza.

Mpaka leo hii, kati ya zile 34, watoto 19 wako na hukumu na karatasi mkononi. Tisa ziko mahakamani. Sita hazikuonekana kabisa, hata kwenye karton. Wazazi wa hao sita wameketi hapa, tunawaona, na tunajua makofi ya watu wengine yanawauma.

Neno moja juu ya huyo mkubwa, sababu haki ni haki. Alituambia kwamba tangu aketi kwenye kile kiti hakuna mtu aliyewahi kumwomba hizo namba, si raia, si wakubwa wake. Hana kompyuta. Ilibidi watu wawili wafungue vitabu na kuhesabu mstari kwa mstari. Na alikiri kwamba lile jedwali ameshalitumia mwenyewe kuomba vitabu vipya. Msiende kule na kifua mbele. Mtu anayehesabu kwa kidole anachoka, na atakayemrudia na matusi atamfanya afunge kitabu.

Kwenu ninyi wafadhili, tunajua mnatuomba picha na shuhuda, na tutaendelea kuwapa. Lakini mkitaka kutusaidia kwa kweli, tusaidieni gharama za kopi, za njia, na ada za mahakama kwa wasio na uwezo, na mnapokutana na wakubwa kwenye mikutano ya mahoteli, waulizeni maswali haya haya matano. Nchi hii ilishajifunza kutoa karatasi kubwa: dekreti ya tarehe 20 Mei 2011 inaitaka leta itangaze mikataba ya madini, misitu na mafuta ndani ya siku 60. Basi hesabu ya vyeti vya watoto haiwezi kuwa siri ya nchi.

Na jambo la aibu kidogo. Baada ya ile barua, mama mmoja aliinuka kwenye kikao cha mwezi wa kumi na mbili, akatuuliza sisi kamati: kwa sanduku la msaada, ni wangapi waliomba mkopo mwaka 2019, wangapi walipata, wangapi walikataliwa, na aliyengoja sana alingoja tangu lini? Tulitazamana. Ilituchukua wiki saba kumjibu. Jedwali limebandikwa pale ukutani, nyuma ya sufuria, na swali la mwisho tumelijibu, ingawa halitupendezi.

Barua ya pili itakuwa juu ya mashamba: kesi ngapi za waliorudi zimepokelewa, ngapi zimesikilizwa, ipi ni ya zamani kuliko yote. Haitaondoka kabla daftari halijajaa. Mwenye karatasi yoyote yenye tarehe na muhuri, hata iliyochanika, ailete Jumamosi asubuhi kwa mwandishi. Tutapiga kopi, ya asili utarudi nayo nyumbani. Usiache ya asili kwa mtu yeyote, hata kwetu. Wazazi wa wale watoto sita mpite mbele kabla ya wote. Dosie zenu tunazianza upya, na safari hii kila mmoja ataenda na mtu wa kukaa naye kwenye benchi mpaka muhuri upigwe.