Spika za Mezani kwa Chumba Kidogo

Mtu aazimuye kununua spika za mezani kwa mara ya kwanza, hali chumba chake ni kidogo na akiba yake haba, aghalabu hughilibiwa na hesabu za wati zilizoandikwa kwa wino mkubwa juu ya sanduku. Kwani yale maelfu ya wati yaitwayo PMPO ni nguvu ya kufumba na kufumbua, tena isiyopimwa kwa kanuni moja, ilhali inayostahili kutazamwa ni RMS, yaani ile ambayo chombo chaweza kuihimili mfululizo. Spika inayopata umeme wake wote katika tundu la USB 2.0 la kompyuta, lenye volti 5 na nusu ampea, haipati zaidi ya wati 2.5, sanduku lidai litakalo. Na kwa msikilizaji aketiye papo hapo mezani, hizo huenda zikamkifu.

Sabufa, yaani spika ya besi, ingawa ni fahari ya maduka ya Kariakoo, mimi sioni haja yake katika chumba kidogo: besi hujikusanya katika pembe za kuta, ikafunika maneno ya mwimbaji na kumuudhi jirani. Heri fedha ya sabufa itiwe katika spika mbili zenye kasha imara. Dukani, omba upigiwe wimbo uujuao barabara, kwanza kwa sauti ya chini, kisha ya juu, usikilize kama spika zinakwaruza. Nyumbani ziweke kimo cha masikio, zikuelekee, mbali kidogo na ukuta, nafasi baina yao ikilingana na umbali wa kila moja hadi kwako.