Zaidi ya Anwani Mbili: Aina za Matini, Muundo na Lugha katika Uandishi wa Kiingereza

Mada kwa semina ya walimu wa Kiingereza wa shule za sekondari, Tanzania

1. Utangulizi

Mada hii imeombwa ifafanue aina za matini, miundo yake na vipengele vyake vya lugha. Fafanuzi hizo wajumbe wanazo, hivyo hazitatuchukulia muda. Matini husimulia, huelekeza, hufafanua sababu, huripoti au hujenga hoja. Muundo ni mpangilio wa sehemu zake. Vipengele vya lugha ni njeo, nafsi, kauli, viunganishi na msamiati unaoiwezesha kila sehemu kufanya kazi yake. Lengo ndilo huongoza muundo, na vyote viwili huongoza lugha. Hoja yangu ni kwamba madarasani tumeng'ang'ania muundo, tukaacha lengo na lugha.

2. Tatizo lenyewe

Mwanafunzi hufundishwa mapema kuwa barua rasmi ina anwani mbili, tarehe, kichwa cha habari na neno la kufungia. Hivi hukaririka kwa urahisi, na msahihishaji huviona kwa kutupa jicho mara moja. Lakini barua ya kuomba kazi na barua ya malalamiko zina anwani zilezile. Ya kwanza humshawishi mwajiri kwa kuonyesha sifa za mwombaji. Ya pili hutaja kosa, huonyesha hasara na hudai hatua ichukuliwe, yote kwa adabu. Kinachozitofautisha ni uteuzi wa vitenzi, mpangilio wa sababu na ukali wa sauti. Hayo ndiyo tunayoyapitia juujuu, kisha tunashangaa barua yenye anwani safi haimwambii mpokeaji anaombwa nini.

Uteuzi wa matini tunazofundisha una athari kubwa zaidi. Wanafunzi wetu wengi husoma shule ya msingi kwa Kiswahili, na wakifika Kidato cha Kwanza karibu masomo yote hugeuka kuwa ya Kiingereza. Biolojia haimwombi mwanafunzi barua; humtaka aeleze jinsi mmea unavyotengeneza chakula, au aripoti jaribio. Ufafanuzi wa namna hiyo kwa Kiingereza hutumia njeo ya sasa ya mambo ya kawaida na viunganishi vya sababu na matokeo. Ripoti ya jaribio hutumia wakati uliopita na, mara nyingi, kauli ya kutendwa. Maelekezo hutumia vitenzi vya kuamrisha. Asiyefundishwa tofauti hizi huandika zote kama hadithi, “then” juu ya “then”, naye mwalimu wa Biolojia huamua kwamba somo halikueleweka. Huenda lilieleweka, ila mwanafunzi hakupewa lugha ya kulielezea.

Tatizo hili si letu peke yetu. Huko Sydney, Australia, miaka ya 1980, J. R. Martin na Joan Rothery walibaini kuwa watoto shuleni waliandika zaidi masimulizi mafupi, ilhali masomo ya mbele yalidai ufafanuzi na hoja. Ufundishaji uliotokana na kazi hiyo una hatua tatu: darasa huchambua mfano, huandika pamoja na mwalimu, kisha kila mmoja huandika peke yake. Hatua ya katikati ndiyo tunayoiruka.

3. Hoja kinzani

Wapo wasemao kwamba sarufi itangulie, aina za matini zije baadaye. Lakini kauli ya kutendwa haina makazi bora kuliko ripoti ya jaribio. Humo mwanafunzi huona ina kazi gani. Wengine huhofia kwamba aina za matini nazo zitakaririwa kama anwani. Hofu hiyo ni ya haki, na itatimia iwapo tutafundisha muundo bila kuuliza matini inaandikiwa nani na kwa nini. Pingamizi zito ni wingi wa wanafunzi na shinikizo la mitihani. Bila kuilaumu mamlaka yoyote, ni vigumu kumtaka mwalimu asahihishe mantiki ya madaftari mengi huku akipimwa kwa ufaulu. Hata hivyo, kuandika pamoja ubaoni hakuongezi daftari hata moja.

4. Mapendekezo

Inapendekezwa kwamba:

(i) kila zoezi la uandishi litaje msomaji na lengo;

(ii) miongozo ya usahihishaji ipunguze uzito wa umbo na iongeze uzito wa lugha inayotimiza lengo;

(iii) ufafanuzi na ripoti vipewe vipindi kuanzia Kidato cha Kwanza;

(iv) walimu wa Kiingereza na wa sayansi wachague pamoja matini za mfano kutoka vitabu vya masomo hayo;

(v) sarufi ifundishwe ndani ya matini;

(vi) uandishi wa pamoja uwe sehemu ya kawaida ya andalio la somo;

(vii) mafunzo kazini yawape walimu nafasi ya kuandika matini hizo wao wenyewe;

(viii) na, kwa kusisitiza pendekezo la pili, alama za anwani zisimwokoe mwanafunzi ambaye barua yake haina ombi.