Dawa ya Minyoo na Mafuta ya Chakula

Wazazi wetu wa Myanga, walimu, wanafunzi, na ninyi mliotoka Kitale alfajiri ili mfike hapa:

Nani hapa mtoto wake hajawahi kupewa dawa ya minyoo shuleni? Mpango wa taifa ulianza mwaka 2009: mwalimu husimama na kopo mkononi, na kila mtoto hutafuna kidonge kimoja cha albendazoli, miligramu 400. Jirani zetu wa Busia walitangulia. Mwaka 1998 shule 75 ziliingia katika utafiti wa wachumi Edward Miguel na Michael Kremer, ukaonyesha kwamba dawa ya minyoo hupunguza utoro. Wachumi wameyabishania hayo hadi leo, nawaachia. Mimi ni mtu wa dawa, na swali langu ni dogo: kidonge kikishamezwa, huenda wapi?

Kwa sehemu kubwa, hakiendi popote. Albendazoli na maji havipatani. Huyeyuka kwa shida, na kisichoyeyuka hakipenyi ukuta wa utumbo. Ukiimeza tumbo likiwa tupu, haifiki hata asilimia 5 inayoingia kwenye damu. Utasema ni hasara. Lakini mchango na minyoo ya safura huishi wapi? Humo humo utumboni! Dawa iliyokosa njia ya kutoka imebaki na adui chumba kimoja. Humzuia kufyonza sukari, naye akafa njaa.

Sasa tuje kwa nguruwe, maana huku kwetu wengine bado huzurura. Mtu mwenye tegu wa nguruwe akijisaidia kichakani, mayai hufika kwenye maji na mboga. Anayeyameza, hata kama hajaonja nguruwe maishani, anaweza kuota vifuko vya tegu ubongoni na kuanguka kifafa. Hapo kidonge kile kile sharti kisafiri, na nauli yake ni mafuta. Chakula cha mafuta huvuta nyongo, nyongo huyeyusha dawa, na kiasi kinachofyonzwa huongezeka mara tano hivi. Damu ya utumboni hupita kwanza kwenye ini, nalo huigeuza albendazoli kuwa salfoksidi yake, ambayo ndiyo hasa inayofanya kazi nje ya utumbo. Hufikia kilele kati ya saa 2 na 5. Asilimia 70 hivi hushikwa na protini za damu. Iliyo huru hupenya hadi kwenye maji ya ubongo na ndani ya vifuko. Baada ya saa 8 hadi 12 nusu imekwisha, ndiyo sababu mgonjwa wa vifuko humeza mara mbili kwa siku.

Niliwahi kukutana na mgonjwa aliyeambiwa ameze baada ya chakula. Alitii: mkate mkavu na chai ya rangi. Aliyemwandikia dawa hakutaja chakula gani. Njugu karanga na avokado zimejaa sokoni hapa, na maziwa yasiyoongezwa maji yapo kwa jirani.

Barabara ya Kitale kwenda Lodwar inatupeleka kwa vifuko vingine, vya tegu wa mbwa, vinavyoota kwenye maini ya Waturkana. Huko pia mafuta ni yale yale, ila dawa humezwa kwa wiki nyingi.

Wafugaji mnaijua dawa hii kuliko mnavyodhani. Ndiyo mnayowanywesha ng'ombe. Tumbo lao la kwanza huihifadhi na kuiachilia polepole, ikafika hadi kiwelini. Zile siku za kutouza maziwa zilizoandikwa kwenye chupa hazikuwekwa kwa mapambo.

Ila mwenye kifafa asitoke hapa akajinunulie vidonge na avokado. Kifuko kinapokufa ubongoni, sehemu inayokizunguka huvimba, na degedege huzidi. Hospitali hutanguliza picha ya kichwa, kisha deksamethasoni ya kutuliza uvimbe, ambayo, kwa bahati, huongeza pia salfoksidi ile ndani ya damu.