Mwalimu wa Mazoezi wa Simuni: Muulize Maswali Matatu

Mazungumzo ya afisa wa habari wa kaunti na vijana wa Thika na Ruiru



Sikuja kuwafundisha kuruka kamba. Kazi yangu ni habari, si udaktari. Lakini siku hizi ushauri wa mazoezi hutufikia kama habari: kwa simu, kwa video ya nusu dakika, nasi huusambaza kabla ya kuupima. Kwa hivyo nawaletea maswali matatu ambayo mwandishi wa habari huuliza kabla ya kuamini chanzo chochote.

La kwanza: huyu ni nani, na amejuaje? Mwili wenye misuli si cheti. Kifua kipana kinaweza kutokana na urithi, umri, dawa, au hata mwanga mzuri wa kamera. Anayejiita mtaalamu wa lishe nchini Kenya anapaswa kuwa amesajiliwa na KNDI, taasisi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka wa 2007. Anayejiita daktari anapaswa kuwa kwenye rejista ya baraza la madaktari, KMPDC. Mwalimu wa jimu naye muulize alisomea wapi, na kama amewahi kufundisha watu wa umri na hali yako.

La pili: anauza nini? Kuuza si kosa. Lakini video ikianza na tumbo na kuisha na nambari ya kulipia chai ya kupunguza mwili, hilo ni tangazo. Katika nchi mbalimbali, bidhaa za kukonda zinazoitwa za mitishamba zimekutwa zimefichwa sibutramini, dawa iliyoondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka wa 2010 kwa sababu ya hatari ya mshtuko wa moyo na kiharusi. Juni 2024, Shirika la Afya Duniani lilionya kuhusu semaglutidi bandia, dawa ya kisukari ambayo wengi sasa huitafuta ili wakonde. Dawa ya aina hiyo huandikwa na daktari. Haipaswi kuletwa mlangoni na boda boda kwa sababu tu umetuma pesa.

La tatu: je, wataalamu wengine wanasema hivyo hivyo? Mwongozo wa shirika hilo wa mwaka wa 2020 unataka mtu mzima afanye mazoezi ya wastani dakika 150 hadi 300 kwa wiki, na ya kuimarisha misuli siku 2 au zaidi. Ukitembea kwa kasi nusu saa, siku 5 kwa wiki, umetimiza zile 150. Shuka steji moja kabla ya yako, utembee. Hakuna wa kulipwa. Akija mtu kukuambia juisi ya nanasi huyeyusha mafuta ya tumbo kwa siku 7, sisi watu wa Thika tungefurahi sana ingekuwa kweli. Si kweli.

Wanaoumia zaidi ni wale ambao tayari ni wagonjwa. Video haijui unameza dawa gani. Anayetumia insulini akikaa bila chakula siku nzima kwa ushauri wa mtandaoni, sukari inaweza kushuka hadi azirai. Mwenye presha akiacha vidonge eti mazoezi yanatosha, anakaribisha kiharusi. Mazoezi yanasaidia wote wawili, ila mpango upangwe na anayewatibu.

Kabla ya kuanza, mwone mhamasishaji wa afya wa mtaa wako. Mikoba waliyopewa kuanzia mwaka wa 2023 ina vipimo vya presha na sukari. Kwa ushauri wa lishe, fika hospitali ya Thika Level 5 au hospitali yetu ya Ruiru. Ukihisi maumivu ya kifua au kizunguzungu ukifanya mazoezi, acha papo hapo utafute matibabu.

Video nzuri zipo, na ukiipata isambaze. Ila kabla ya kubonyeza, ipitishe kwenye maswali haya matatu. Katika kundi la WhatsApp la familia yuko nyanya yako mwenye presha, naye akitumiwa kitu na mjukuu wake hukiamini.